Samaki Aliyezaa Ndani ya Arobaini ya Mama

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu. Herufi zangu zinalala upande kama mahindi baada ya mvua kali, na kuna maneno ambayo sina hakika yanaandikwaje. Nilisoma hadi mwaka wa sita wa shule ya msingi hapa Beni, kisha shule ikafungwa kwa sababu ya vita, na ilipofunguliwa nilikuwa nimekuwa mkubwa mno kukaa benchi moja na watoto. Naandika polepole. Lakini jambo hili nimeamua kuliandika mpaka mwisho, kwa sababu watu wanaolisimulia sokoni wanalisimulia vibaya. Wanasema samaki wetu walizaana kwa dawa ya wazungu. Hapakuwa na dawa.

Baba yangu ni msafirishaji. Ana kamio moja, yaani lori, inayotembea kati ya Beni na Butembo, mara nyingine hadi Lubero kuchukua viazi, na mbele ya nyumba yetu ana duka dogo la sukari, chumvi, sabuni na biskuti. Sisi ni Waislamu. Mama yangu alizaliwa katika familia ya Wakatoliki wa Butembo, akaingia dini alipoolewa. Mama yake, ambaye tunamwita mukaka kama Wanande wanavyomwita nyanya, alibaki na rozari yake. Akija kwetu anasali upande mmoja wa ukuta na baba upande mwingine, na hakuna anayemsumbua mwenzake.

Miaka michache baada ya uhuru, wazungu wa kahawa waliokuwa wamebaki walianza kuondoka mmoja mmoja, kila habari za waasi zilipokaribia. Mmoja wao alimkodi baba ambebee vitu vyake hadi mpakani Kasindi. Walipakia vitanda, gramafoni, mbwa, na sanduku la kioo lenye maji na samaki ndani. Mpakani, gari lililokuja kumpokea lilikuwa dogo. Mzungu akachukua mbwa, akaacha samaki. Alimpa baba mkebe wa chakula chao, akamwonyesha ncha ya ukucha wake, maana yake kila siku wapewe kiasi hicho tu, akapanda gari.

Kaka yangu, ambaye ni msaidizi wa baba kwenye kamio, alilikumbatia sanduku lile nyuma ya kamio toka Kasindi hadi Beni. Alishuka akiwa amelowa toka shingo hadi viatu.

"Baba, hawa tutabakula?" aliuliza.

"Utakula nini pale? Hata mufupa haiko."

Kilichompendeza baba hakikuwa samaki, kilikuwa kioo. Duka letu lilikuwa na etalaji ya kioo, ambamo biskuti na pipi zilionekana bila kuguswa na kila mkono, na askari waliopita wakati wa fujo za kwanza waliivunja kwa vitako vya bunduki. Kioo kingine hakikupatikana, hata Butembo. Kwa hiyo baba aliweka sanduku lile juu ya meza ya sebule, akalizunguka, akalipima kwa shibiri, akasema, "Bakishakufa, tunaweka biskuti ndani." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na hakika watakufa, na sisi wote tulikuwa na hakika hiyo.

Walikuwa wa aina mbalimbali, wamechanganyika kama abiria. Wale bapa wenye mistari walikufa kwanza. Walibaki wakubwa wenye nyuzi mbili ndefu kifuani, ambao walipapasa kila kitu kwa nyuzi hizo kama vipofu. Alibaki yule wa chini mwenye masharubu, aliyekula uchafu. Walibaki pia wadogo sana wenye mikia ya rangi kama kitenge kipya, na wengine wanene kuliko hao, wa kijivu, bila pambo lolote. Tuliamini wa kijivu ni kabila lingine. Mtu ambaye hajaambiwa angejuaje kwamba wenye mikia ndio waume na wa kijivu ndio wake zao? Kwetu sisi, anayevaa kitenge kipya si mwanamume.

Kazi ya kuwatunza ilikuwa yangu, na sababu yake ni aibu. Nilikuwa msichana ambaye mgeni akimsalimia anaangalia mlango. Dukani sikufaa, kwa sababu mteja aliuliza bei na mimi nikanyamaza mpaka akaondoka. Samaki hawakuuliza kitu. Chakula cha mkebe kilipokwisha niliwapa chembe za bugali, kisha viluwiluwi vya mbu kutoka pipa la mvua, na hivyo walivipenda kuliko vyote. Maji nilibadilisha kwa kikombe, kidogo kidogo, kwa maji yaliyokwisha kutulia ndani ya mtungi. Walipoacha kufa, baba alianza kuniangalia.

"Weye unabafanya nini? Biskuti yangu inangoja."

Alicheka, lakini nilijua hacheki kwa moyo wote. Mimi nilitaka waishi. Vitu vingi vilikuwa vinaisha wakati ule: shule, barabara, sukari, jirani. Nilitaka kitu kimoja kilichokuwa mikononi mwangu kisiishe.

Kisha mama alijifungua mtoto wa kiume, na mukaka akaja toka Butembo kumtunza. Kwetu mzazi hatoki. Mpaka arobaini yake itimie anakaa chumba cha ndani, pazia limeshushwa, moto hauzimiki, anakandwa kwa maji ya moto, anakunywa uji mzito asubuhi na jioni, na mtoto halali mbali na ubavu wake. Mukaka alisimamia mambo hayo kama kamanda. Hata baba alibisha hodi kabla ya kuingia chumbani kwake mwenyewe.

Ilikuwa katikati ya arobaini hiyo, asubuhi, nilipokwenda kuwapa samaki viluwiluwi na nikaona viluwiluwi tayari vimo ndani. Nikainama. Havikuwa viluwiluwi. Vilikuwa na macho. Kila kimoja kilikuwa macho mawili na uzi wa mwili, vimejibana kwenye kona ya kioo, na wale wakubwa wenye nyuzi walikuwa wanapita wakivimeza kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu anayekula karanga.

Nilipiga kelele. Mukaka alitoka mbio na mwiko mkononi, kaka akatoka uani na sabuni usoni, kwa sababu hakuna aliyewahi kunisikia nikipiga kelele.

"Nani amekufa?" mukaka aliuliza.

"Banakula batoto!"

"Batoto ya nani?"

"Ya samaki! Amezala, mukaka! Ule wa kijivu amezala, tumbo yake imepunguka!"

Kaka alicheka mpaka akakaa chini. "Nyumba hii sasa iko na bazazi babili," alisema. "Mukaka, kanda huyu naye na maji ya moto."

Mukaka hakucheka. Aliweka uso karibu na kioo, akaona, akafanya ishara ya msalaba. "Na munamuacha apa, mbele ya batu bote, bila pazia?" alisema. "Munafikiri batoto batabaki? Toeni apa mzazi na batoto bake. Beseni iko wapi?"

Tulileta beseni jeupe la mabati, ambalo lilikuwa la kumwogeshea mtoto. Nikamteka yule samaki wa kijivu kwa kikombe, kisha vitoto vilivyobaki, na kikosi hicho kikaingia chumba cha mama. Mukaka aliweka beseni karibu na moto, si karibu sana, akalifunika kwa kitenge ili jicho baya lisiingie. Mama aliinuka kitandani kuangalia mzazi mwenziwe.

"Umupe na uji," mama alisema.

"Nitakosaje kumupa uji?" mukaka alijibu, na akamtilia uji.

Tulikuwa tunafanya kila kitu tunachojua, na tulikuwa tumeridhika. Baba alipopita mlangoni alisikia habari, akasema, "Salamu kwa bazazi," akaenda zake.

Mchana nilifunua kitenge. Maji yalikuwa meupe kama maziwa, na vitoto vilikuwa vimepungua. Mukaka alimshuku paka, akamfukuza. Nilipofunua tena vilikuwa vichache zaidi. Mukaka alimshuku kaka.

"Ulipitisha mukono?"

"Mukaka, miye ninakula nyama ya ng'ombe."

Niliamua sitaondoka hapo. Nilikaa chini, kitenge nimekiinua upande mmoja, na nilitazama mpaka macho yakaniuma. Ndipo nikaona. Kitoto kimoja kilipita mbele ya mdomo wa mama yake. Mama akafungua mdomo, akafunga. Akaendelea kuogelea.

"Mukaka," nilisema, "ni yeye."

"Ni nani?"

"Mama yao."

"Hapana sema vile. Mama hapana kula mutoto wake."

"Njoo uone."

Alikuja, akapiga magoti, akaona kitu kile kile nilichokiona. Alibaki pale, rozari imeshikwa lakini haihesabiwi. Mukaka amelea watoto wake na wa watu wengine, na nilimwona ameumia kama mtu aliyetukanwa nyumbani mwake. Mwishowe alifunika beseni, akaenda jikoni, na siku ile hakuzungumza tena habari za samaki. Kabla ya jua kuchwa hakukuwa na kitoto hata kimoja. Uji wetu ulikuwa karibu kummaliza na mama yao pia, alikuwa anahema juu juu, nikamrudisha katika maji safi.

Jioni hiyo baba alisema atakwenda Butembo kutafuta sukari, kwa sababu watu walisema njia imefunguka. "Nikirudi na sukari," alisema, "ile kioo inaingia dukani. Hawa utabapeleka mutoni. Tumengoja sana."

Sikuwahi kumwomba baba kitu kwa mdomo wangu. Nikitaka kandambili nilimwambia mama, mama akamwambia baba. Lakini nilimfuata hadi kwenye kamio, alipokuwa anaangalia mafuta, na nikasimama nyuma yake mpaka akageuka.

"Baba, atazala tena."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Lakini tumbo halijaisha lote. Mwenzake naye ana tumbo. Kuko alama nyeusi karibu na mukia, inakuwa kubwa. Uningoje azale tena. Safari hii hawataliwa."

"Utafanya aje?"

Sikujua. Nilisema, "Nitafanya."

Aliniangalia kama mtu anayemtazama abiria asiyemjua. "Mupaka nirudi," alisema. "Nikirudi bila kuona batoto, ni biskuti."

Walipoondoka, yeye na kaka, nilianza kufikiri kwa bidii. Vitoto vilihitaji mahali ambapo mama yao hafiki, lakini lazima vitoke kwake kwanza. Nilijaribu chekecheo la unga wa muhogo, matundu yake yalikuwa madogo. Nilijaribu kikapu cha maharagwe, mama samaki alitoka mwenyewe kwa mlango mkubwa. Mukaka aliniona nikihangaika uani, mikono imelowa, na mwishowe akasogeza kigoda chake.

"Lete majani yangu ya kufuma," alisema.

Wanawake wa Butembo wanajua kufuma. Alifuma kikapu kirefu kidogo kuliko kiganja, nafasi zake zikiwa sawa zote, akazipima kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. Hakunieleza. Alipomaliza alisema tu, "Yeye atakaa ndani. Batoto bataanguka inje. Kama hapana na akili ya kulea, sie tuko nayo." Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Na uji hapana."

Tulimtia ndani ya kikapu mama samaki aliyekuwa na alama nyeusi kubwa zaidi, kikapu ndani ya beseni, na beseni likarudi nyuma ya pazia ingawa arobaini ya mama ilikuwa inakaribia kutimia. Nilileta majani ya maji toka mtoni, nikayatandaza chini. Tukangoja. Baba naye tulimngoja, lakini habari zilizokuja zilikuwa mbaya: waasi wamekata barabara, na kamio zote zimezuiliwa Butembo.

Watu wengi walianza kukimbia, wengine kuelekea Mangina, wengine msituni. Sisi hatukuweza kukimbia na mzazi na kichanga. Mukaka alifunga mlango wa duka kwa mbao, akasema tunabaki.

Askari wa serikali waliokuwa wanarudi nyuma walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta magari. Wawili waliingia kwetu. Waliuliza kamio iko wapi, mukaka akasema Butembo. Mmoja, kijana mwenye viatu vilivyopasuka, aliingia mpaka chumba cha ndani, akasimama alipoona mama na mtoto. Aligeuza macho kwa heshima, na macho yakaanguka kwenye beseni.

"Pesa ngai," alisema kwa Kilingala, akionyesha beseni. Alipoona hatuelewi, akaongeza kwa Kiswahili kibaya, "Nipe. Ya kuoga."

Mukaka alikuwa sebuleni na yule mwingine. Mama alikuwa amebana mtoto kifuani. Hakukuwa na mtu mwingine wa kujibu, na nilisikia sauti yangu ikisema, "Hapana."

"Nini?"

"Hapana. Kuko mzazi ndani."

Alifikiri nina wazimu. Aliinama, akafunua kitenge. Ndani, samaki mmoja wa kijivu ndani ya kikapu kidogo. Alitazama, akanitazama.

"Mbisi?" aliuliza. "Samaki? Moja? Kidogo hivi?"

"Iko na mimba," nilisema. Sikuondoka mbele ya beseni. "Chukua ile sufuria kubwa, iko jikoni. Hii hapana."

Alimwita mwenziwe aje kuona. Wakachungulia wote wawili, wakaambiana kitu kwa lugha yao, wakacheka kicheko cha watu ambao hawajacheka siku nyingi. Walichukua sufuria kubwa, na kuku mmoja, na walikwenda. Mukaka alisikitikia kuku kuliko sufuria.

Samaki alizaa wakati waasi walikuwa tayari mjini na sisi tulikuwa tunazungumza kwa kunong'ona. Niliinua kitenge na vitoto vilikuwa chini, kati ya majani, vingi, kila kimoja na macho yake mawili. Mama yao alikuwa juu ndani ya kikapu, akizunguka, hawezi kushuka. Nilimtoa kwa kikombe, nikamrudisha sebuleni kwa waume zake. Vitoto vikabaki peke yao, na hakuna aliyevila.

Kuvilisha kulikuwa vita vingine. Mukaka alichemsha yai, akanipa kiini, nami nikakisaga kati ya vidole mpaka kikawa vumbi, nikanyunyiza kiasi cha ncha ya ukucha. Yai lilikuwa adimu. Mama alisema yai lake la uzazi atagawana na hao. Kila asubuhi nilinyonya uchafu wa chini kwa bua la mpapai, maji ya beseni yakaniingia mdomoni mara nyingi, nikatema, nikaendelea. Vingine vilikufa hata hivyo. Vilivyobaki vilikua, na baadhi vilianza kutoa rangi kwenye mkia. Hapo ndipo nilipoelewa habari ya waume na wake, nikamweleza mukaka, naye akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya uji.

"Kumbe banaume njo banajipamba," alisema. "Na banawake banafanya kazi. Ile haiko mupya."

Baba na kaka walirudi barabara ilipofunguliwa. Kamio ilikuwa na matundu mlangoni, na wao walikuwa wamekonda. Mama alilia, sisi wote tulilia. Wakashusha magunia machache ya sukari. Baba alinawa, akasali, akala, akambeba mtoto ambaye alikuwa amesahau sura yake. Halafu akasimama mbele ya sanduku la kioo, na nikajua saa imefika.

"Nimerudi na sukari," alisema.

Nilimletea beseni. Nililiweka miguuni pake na nikafunua kitenge mwenyewe. Alichuchumaa. Kaka naye alichuchumaa, na safari hii hakufanya mzaha. Vitoto vilikuja juu vikidhani ni chakula.

"Hii yote?" baba aliuliza.

"Yote."

"Na biskuti yangu ilale wapi?"

"Ndani ya mikebe, baba. Hawa hapana toka."

Mukaka alikohoa nyuma ya pazia. Baba alitia kidole majini, wakamdonoa. Kisha alimwambia kaka atafute mbao za etalaji, mbao tupu bila kioo. Kwangu alisema, "Nyumba haiwezi kubeba hii yote. Bakikuwa bakubwa, nitabapeleka kwa batu."

Na amewapeleka. Anawabeba katika chupa za maziwa, kiti cha mbele, kati yake na kaka, na anawapa watu njiani kama mtu anayegawa miche. Wamekwenda Butembo kwa ndugu za mukaka, wamekwenda Mangina, na wengine Lubero. Wa Lubero nimeambiwa walikufa kwa baridi, lakini mwingine akasema hapana, kuna mtu amewaweka jikoni karibu na moto na wanaishi. Sijui nimwamini nani.

Hii ndiyo sababu nimeandika yote haya. Kama wewe unayesoma ulipewa chupa na dereva wa kamio yenye matundu mlangoni, nakuomba uniandikie. Niambie kama wa kijivu amezaa, na kama ulimtenga na vitoto vyake, na umewalisha nini mahali ambapo mayai hayapatikani. Zaidi ya wote naomba mtu wa Lubero aniandikie jinsi anavyoshinda baridi, kwa sababu kuna beseni jingine limejaa na baba anaondoka kwenda huko tena. Mpe barua dereva yeyote wa njia ya Beni, umwambie ni ya nyumba yenye samaki. Wanaijua. Nitajibu kila barua, hata kama jibu litachelewa.